Sahihi ya Tatu Ilikuwa Dubai

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya chama ya kaunti nilitumwa kanisani kuazima viti. Nilikuwa nimevaa sketi mpya ya kijivu na blauzi ya dada yangu, na kwenye bahasha nilibeba cheti changu cha uwekaji hesabu, kozi ya miezi sita baada ya kidato cha nne. Nilidhani nitaonyeshwa meza, kabati la mafaili na mahali pa kutundika mkoba. Katibu wa Kaunti, mwalimu mstaafu tuliyemwita Mwalimu tu, alinipokea nje mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na kitu cha kukalia.

"Wewe ndiwe Naliaka, mweka hazina mpya?"

"Ndimi, Mwalimu. Habari ya asubuhi."

"Karibu sana. Dalali alipita jana na lori lake. Ametuachia kalenda na picha ya kiongozi wa chama. Sasa mkutano ni saa nne. Nenda kwa katekista, mwambie viti ni vya Mwalimu. Usiseme ni vya chama, hatakupa."

Dalali, kwa asiyemjua, ni mtu wa mnada anayetumwa kubeba mali ya mdaiwa. Nilicheka nikidhani Mwalimu anatania. Yeye hakucheka, alinionyesha mkokoteni ulipo. Nikavisukuma viti ishirini na viwili kupitia katikati ya soko, sketi imeingia vumbi, watu wananiuliza harusi ni ya nani.

Nawaandikia haya ninyi mnaomaliza shule sasa na mnaoipenda siasa kama nilivyoipenda. Msinicheke nikisema nimestaafu. Nina miaka ishirini na minane, ninafanya kazi ya ulinzi kwenye jengo moja Jumeirah Lake Towers hapa Dubai, na magoti yangu bado mazima. Ila uweka hazina wa chama nimeustaafu kabisa, na katika kazi ile uchaguzi mmoja unakuzeesha kuliko miaka kumi ya kulima. Basi nivumilieni nizungumze kama mzee.

Wakati wetu mambo yalikwenda hivi. Fedha za chama, zile zinazotoka serikalini na ada wanazolipa wagombea, zote ziliingia makao makuu kwanza. Tawi la kaunti lilikuwa na haki ya fungu lake, lakini fungu lilikuja kama mgeni mwenye gari bovu: leo yuko njiani, kesho yuko njiani. Wawakilishi wa wadi waliochaguliwa kwa tiketi yetu waliahidi kukatwa kidogo kila mwezi. Waliahidi kwa sauti, wakapigiwa makofi, na simu zao zikaanza kutopatikana. Kadi za uanachama ziliuzwa kwa bei ya sabuni, na nusu ya wanachama walidai wapewe kadi pamoja na sabuni.

Kwa hiyo ofisi iliishi kwa mfuko wa Mwenyekiti wa Kaunti. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mwenye sauti ya kuita wapagazi, na mwisho wa mwezi alifungua droo ya duka akalipa umeme wa chama. Hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo mapema. Lakini akishalipa umeme mara tatu, mtu huanza kusema "ofisi yangu", na mara ya sita husema "chama changu", na hakuna mwenye uso wa kumrekebisha.

Kitu kimoja tu hakikuwa chake peke yake, nacho ni akaunti ya benki. Ilikuwa na watia sahihi watatu: Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina. Bila sahihi zote tatu benki haitoi hata shilingi ya chumvi. Mimi nilikuwa wa tatu. Wajumbe walinichagua kwa kunyoosha mikono, kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka cheo hicho, lakini mimi niliona nimepaa. Nilikuwa na ndoto kubwa, na sioni aibu kuitaja: siku moja niwe Mkurugenzi wa Fedha wa makao makuu, mwanamke wa kwanza kutoka kwetu. Nilifanyia mazoezi sahihi yangu nyuma ya daftari, yenye mkia mrefu.

Sasa niwaeleze kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Uchaguzi ulipokuja tulihitaji mawakala, yaani watu wanaokaa ndani ya kituo cha kupigia kura kulinda kura za chama na kutia sahihi fomu ya matokeo. Wagombea wenye uwezo waliwalipa mawakala wa kwao. Wadi mbili za mjini hazikuwa na mgombea mwenye uwezo, zikaangukia tawi, na mimi ndiye niliyewaandikisha watu wake: arobaini na sita. Wengi walikuwa akina mama wa sokoni, kwa sababu hao ukiwaambia saa kumi na moja alfajiri wanafika saa kumi na nusu.

Tulipoomba fedha za mawakala, Mkurugenzi wa Fedha alijibu kwa simu, maneno yake bado yamo masikioni mwangu: "Sisi hatutoi masurufu kwa matawi tena, mlizoea vibaya. Lipeni wenyewe, mniletee vocha zilizosainiwa, nitawarudishia." Masurufu ni fedha unazopewa kabla ya shughuli, halafu unakuja kutoa maelezo. Vocha ni karatasi anayotia sahihi aliyelipwa, kuonyesha kwamba amepokea. Sasa jiulizeni. Tawi halina kitu, na makao makuu hayatoi kitu mpaka yaone karatasi inayosema fedha zimeshatolewa.

"Kila kaunti inafanya hivi," Mwenyekiti aliniambia. "Wanasaini kwanza, karatasi zinakwenda, fedha zinakuja, unawapa. Nani ameumia?"

Kweli kila kaunti ilifanya hivyo. Nikawaita mawakala wangu uani kwa Mwalimu, nikapanga vocha juu ya meza ya kuazima. Mama Wafula, muuza sukuma wiki mwenye kicheko cha kuvunja mayai, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alisoma karatasi yote, polepole, kidole kikifuata maneno.

"Naliaka, hapa pameandikwa nimepokea."

"Ni utaratibu tu, mama. Wiki ijayo mtapata."

"Na mkono wangu huu mtupu, nao ni utaratibu?"

Watu wakacheka. Nikacheka nami. Akatia sahihi, akanitazama. "Haya. Lakini mimi nimekusainia wewe, sikukisainia chama." Na chini ya kila vocha, mahali pa shahidi, nikaweka ile sahihi yangu yenye mkia mrefu, mara arobaini na sita.

Walikaa vituoni siku ile mpaka kesho yake, wengine bila chakula. Chama kilishindwa. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Makao makuu wakasema vocha zimefika, zinashughulikiwa. Mwenye nyumba akaweka kufuli kwenye ofisi. Mawakala wakaanza kuja nyumbani kwetu, wawili wawili, wanamsalimia mama yangu, wanakaa, wanakunywa chai, hawasemi kitu. Mama Wafula peke yake hakuja hata siku moja. Nikienda kununua mboga ananizidishia fungu. Hilo ndilo lililonifukuza mjini, kuwaambia ukweli. Nilishindwa kula ile sukuma.

Nikatafuta wakala wa kazi za nje, nikauza mashine ya kushonea, nikapanda ndege kuja Dubai. Mwenyekiti aliniaga vizuri. "Nenda salama, sahihi tutabadilisha." Hawakuweza. Kubadilisha mtia sahihi kunahitaji mkutano wenye akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa na katiba ya chama, na wajumbe walisema hawatahudhuria mkutano wowote mpaka walipwe nauli ya ule uliopita. Kwa hiyo tawi likabaki na kufuli mlangoni, na mweka hazina wake akawa anafungulia watu geti Al Garhoud.

Hapo ndipo nilipopangiwa kwanza, geti la nyuma la hoteli, karibu na uwanja wa ndege, mahali magari ya kufulia mashuka yanapoingilia. Baada ya miezi minane nikahamishiwa Jumeirah Lake Towers, kwenye kaunta ya mapokezi. Msimamizi wetu pale alikuwa Mganda, Bwana Okello, mrefu, mpole, viatu vyake vinang'aa kuliko sakafu. Sisi Wakenya alituita kwa jina la nchi.

Wiki ya kwanza nilitaka kumpendeza. Mafundi wa kiyoyozi walikuwa juu ghorofa ya thelathini, na kila siku walitoka saa kumi na moja kamili. Zamu yangu inaisha saa hiyohiyo. Basi saa kumi na nusu nikajaza kabisa kwenye kitabu cha wageni: wametoka saa kumi na moja. Okello akapita, akasoma.

"Wewe Kenya. Sasa ni saa ngapi?"

"Kumi na nusu, sir."

"Na hawa wamepita wapi, dirishani?"

"Hapana, sir, bado wako juu. Ila watatoka tu, inshallah."

Hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi. "Moto ukiwaka dakika hii, watu wa zimamoto wanakuja kwangu wananiuliza, juu kuna mtu? Mimi nafungua hiki kitabu. Kitabu kinasema wametoka. Khalas, basi, hakuna anayepanda. Umeelewa unachoandika hapa?" Akaikata ile mistari kwa rula. "Usiandike mtu ametoka mpaka uone mgongo wake."

Niliomba ruhusa nikaenda chooni nikalia. Okello alidhani ameniumiza, akaniletea chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, kwenye kikombe cha karatasi, maskini. Hakujua nilikuwa nimewaona watu arobaini na sita wako juu, na kitabu changu kinasema wametoka.

Tangu siku hiyo niliazimia. Sikujua nitafanyaje, maana mshahara wa mlinzi baada ya chakula na fedha za mama haubaki wa kulipa watu arobaini na sita. Nilianza na wale wagonjwa, nikamtumia mmoja kidogo, mwezi unaofuata mwingine. Kwa mwendo ule ningemaliza nikiwa na meno ya bandia. Hata hivyo nilianza.

Ndipo Mwenyekiti akapiga simu, sauti ya dukani ileile.

"Mweka Hazina! Makao makuu wameachilia! Fedha za mawakala zimeingia kwenye akaunti, zote!"

Nilirukaruka nyuma ya kaunta mpaka dereva wa kuleta chakula akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

"Nakuja huko Dubai wiki hii," akaendelea, "nafuata mabomba na taa za duka. Nakuletea barua ya benki, utie sahihi tu. Mimi na Mwalimu tumeshatia."

Siku yangu ya mapumziko nikamfuata hotelini kwake, Al Mankhool. Nilimbebea halwa. Alikuwa ameketi ukumbini na katoni mbili za taa pembeni, amenenepa, kola imembana. Tuliulizana habari za nyumbani. Kisha akanipa barua. Ilikuwa inaielekeza benki iwalipe watu wanne: mwenye nyumba, mchapishaji wa mabango, mwenye ukumbi wa mikutano, na duka la vifaa vya ujenzi. Nikaigeuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Mwenyekiti, mawakala wako wapi?"

"Mawakala walishalipwa."

"Nani aliwalipa?"

"Naliaka, soma." Akatoa nakala za vocha kwenye mkoba. "Wamesaini kwamba wamepokea. Shahidi ni nani hapo chini? Makao makuu hawajaleta fedha za mawakala. Wamelirudishia tawi fedha lilizotumia. Kwa karatasi, hizi ni fedha za tawi."

Nilitazama sahihi yangu. Mkia wake mrefu ulikuwa mzuri kweli.

"Lakini wewe unajua hawakupata."

"Najua. Na wewe jua hili." Akainama mbele. "Uteuzi wa wagombea unakuja. Kaunti isiyo na ofisi iliyo wazi, makao makuu watamkabidhi mtu mwingine. Kuna kijana mmoja tajiri anaingojea. Tukifungua ofisi, wagombea watalipa ada, ada zikija tutawalipa mawakala wako wote. Nakuapia."

"Watalipwa baada."

"Baada, ndiyo. Mbona unalitamka kama tusi?"

Nikamwambia siwezi kutia sahihi siku hiyo. Alikasirika, halafu akacheka, akanionyesha nilivyokonda, akasema nikitia sahihi atahakikisha posho zangu za miezi saba ambazo tawi halikuwahi kunilipa zinaingia kwenye orodha. Nilifikiria mashine ya kushonea. Sitawadanganya, niliifikiria hadi kituo cha metro. Ndege yake ilikuwa kesho yake jioni, nami kesho nina zamu, kwa hiyo tulikuwa tumepatana apite kazini kwangu kwanza.

Kambini, yaani kwenye bweni la wafanyakazi, tunalala sita chumba kimoja, lakini mchana ule wenzangu walikuwa kazini. Nikakaa juu ya kitanda nikaandika kurasa mbili kwa mkono. Ya kwanza ilikuwa barua mpya ya benki, majina arobaini na sita na namba zao za simu, kila mmoja na haki yake, na kinachobaki kwa mwenye nyumba. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Niliandika hivi: mimi, mweka hazina wa tawi, nathibitisha kwamba vocha hizi zilitiwa sahihi kabla ya malipo, kwamba malipo hayakufanyika, na kwamba mimi ndiye niliyewaambia watie sahihi. Nikaisoma mara nyingi kutafuta mahali pa kuweka neno "tuliagizwa". Sikuliweka. Tuliagizwa kweli, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Kesho yake saa nane mchana Mwenyekiti akaingia kwenye mlango wetu wa vioo na shati jeupe, akielekea uwanja wa ndege, teksi inamngoja. Hakunitambua mara moja ndani ya sare.

"Kitambulisho, sir," nikamwambia. Ni sheria, siwezi kumwacha hata baba yangu.

"Ala! Naliaka! Unaniomba mimi kitambulisho?"

"Pasipoti pia inafaa, Mwenyekiti."

Okello akasogea. Wageni wa binafsi hawaruhusiwi kwenye kaunta, na kwa kosa hilo watu wamekatwa mshahara. Akamtazama mgeni, akanitazama mimi na karatasi nilizoshika. "Dakika kumi," akasema. "Kwa sofa, si kwa kaunta. Mimi nashika kitabu."

Tukakaa. Nikampa barua mpya. Akaisoma haraka, akataka kunirudishia. Nikampa ya pili. Hiyo aliisoma polepole.

"Hii umempa nani?"

"Bado. Usipotia sahihi ile ya mawakala, naituma makao makuu na benki leo. Ukitia, naituma vilevile, ili wajue fedha zimekwenda wapi na kwa nini."

"Kwa hiyo unajichoma mwenyewe."

"Nimeshaungua, Mwenyekiti."

"Msichana, nisikilize. Ukiandika hivi hutashika kitabu cha chama tena, si chetu, si cha wengine. Ile ndoto yako ya makao makuu, Mwalimu ameniambia, khalas, imekwisha. Unajua maana yake?"

Nilijua. Nikasema, "Andika jina lako kwenye barua ya benki, juu ya langu."

Mwenyekiti akaanza tena, sauti chini, na hapo hakuwa na sauti ya kuita wapagazi. "Mwenye nyumba ananidai mimi, Naliaka. Hakidai chama. Mkataba niliandika jina langu, kwa sababu chama hakikuaminiwa. Mke wangu hajui. Miaka minne nalipa umeme wa watu wasiojua hata kunisalimia. Halafu ofisi ikinyang'anywa, nimelipa nini?"

Moyo wangu ulimwendea, nakiri. Ningekuwa na fedha ningempa. Nikamwonyesha mstari wa mwisho wa barua. "Salio lote ni la mwenye nyumba. Halitoshi, lakini ni lake. Mabango hapana. Ukumbi hapana. Na posho zangu nimezifuta, unaona? Duka lako na mimi tutangoja pamoja."

"Tutangoja mpaka lini?"

"Sijui. Lakini sisi wawili tulikuwa tumekaa kwenye meza. Wao walikuwa kwenye foleni."

Akampigia Mwalimu simu, kwa sauti ya wazi, wapangaji wanapita na mbwa wao. "Mwalimu, huyu mtoto wako amekataa. Ameandika orodha yake mwenyewe, anataka tuanze upya."

Sauti ya Mwalimu ikaja na kikohozi. "Orodha ya nani?"

"Ya mawakala."

"Basi niletee nitie sahihi nikiwa bado na macho. Ile ya kwanza niliitia nikiangalia pembeni."

Mwenyekiti akafuta uso wake. Akaomba kalamu. Akatia sahihi juu ya goti, nami nikatia baada yake, sahihi fupi, bila mkia. Akainuka, akaiweka barua ndani ya pasipoti. "Umenimaliza kisiasa," akasema, lakini alichukua halwa nyingine niliyokuwa nimemfungia.

Benki ilitusumbua siku kadhaa. Walitaka kuniona usoni kwa simu ya video, wakanihoji kama kweli mimi ndimi, nikiwa na kofia ya ulinzi. Halafu malipo yakaanza kutoka. Watu arobaini na wanne walipata moja kwa moja. Mmoja alikuwa amefariki, fungu lake likaenda kwa binti yake. Mwingine alikuwa amepoteza namba, ikabidi Mwalimu amtafute kwa pikipiki kijiji hadi kijiji, na nauli ya pikipiki nililipa mimi. Sijawahi kutuma fedha kwa furaha kama ile.

Ofisi ya kaunti walipewa watu wengine, kama Mwenyekiti alivyosema. Yeye amerudi dukani kwake, na mwenye nyumba amempa muda. Tunasalimiana sikukuu zikifika, kwa ufupi.

Barua ya makao makuu ilinifikia kwenye simu nikiwa kazini, picha ya karatasi yenye nembo. Nimeondolewa uweka hazina, na sitashika wadhifa wowote wa fedha katika chama. Niliisoma yote, nikampokea mtu wa pizza, nikamwandikia madam wa ghorofa ya kumi na mbili kadi ya wageni, kisha nikaisoma tena. Niliumia. Mtu asiwadanganye kwamba ukifanya jambo sahihi huumii. Nilitamani sana ile meza ya makao makuu, nilikuwa nimeshaipangia na maua.

Ninyi mtakaoingia kazi hii, mtaagizwa mengi na watu wenye vyeo na sababu nzuri. Wakisema kila kaunti inafanya hivi, waulizeni watu wa kaunti hiyo wamelala vipi. Vyama vyetu vitaendelea kuwa maskini huku chini mpaka fungu la tawi liwe linateremka kwa sheria, si kwa huruma, na hilo ninyi mna umri wa kulipigania. Mimi nimejiandikisha kumalizia mitihani ya uhasibu kwa simu, siku za mapumziko. Nikirudi nitafungua chumba kimoja pale mjini niwafundishe waweka hazina wa vikundi vya akina mama. Nitanunua viti vyangu mwenyewe.

Mwezi uliopita Mama Wafula alinipigia. Ndiye wa mwisho niliyemngoja kumsikia, maana wengine wote walikuwa wameshukuru, na wawili walinitukana kwa kuchelewa.

"Naliaka, zile zilifika."

"Nashukuru, mama. Nisamehe kwa kuchelewa."

"Umechelewa, ndiyo. Nilikuwa nimeshapika kwa kuni za kuazima miaka mitatu." Akacheka kile kicheko chake, nikasogeza simu mbali na sikio. "Sasa wamekuja hawa wa ofisi mpya. Wanataka mawakala. Wametuletea karatasi tutie sahihi kwanza."

Nikasimama. "Mmetia?"

"Tumewaambia meza iko wazi, waweke fedha upande huu, kalamu upande ule. Wameondoka kwenda kupiga simu. Sisi tumekaa hapahapa, wote, tunawangoja. Wewe huji kutusaidia?"

"Mimi nimestaafu, mama."

"Umestaafu? Una miaka mingapi, wewe?"

Nikamwambia. Akawageukia wenzake akawatangazia, na nikasikia foleni nzima ya akina mama ikinicheka kwa pamoja, muda mrefu, halafu mmoja akasema kwa sauti kali, "Nyamazeni, wanarudi," na simu ikakatika.